Gauni la Catrina kutoka Oaxaca: maua safi kabisa, zipu ovyo

Nimekaa na hili gauni la Catrina (yule mwanamke wa mifupa mwenye kofia ya kifahari) toka wiki ya mwisho ya Oktoba na nimelivaa mara tatu, kwa hiyo naona sasa naweza kuandika bila ule mzuka wa siku ya kununua. Duka silitaji, liko katikati ya jiji la Oaxaca, Meksiko, mwaka mzima wanashona nguo za Día de Muertos (Siku ya Wafu) tu, mi niliingia kukwepa jua nikatoka nimeachana na peso 4,800.

Kwanza niseme mafuvu yalishanichosha. Oaxaca wiki ile kila kitu kina fuvu, tisheti fuvu, mkoba fuvu, soksi fuvu, na mengi yamechapwa tu kiwandani. Hapa fuvu hakuna hata moja. Gauni ni la mahameli nyeusi, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, shingo juu, mikono mirefu, kiuno kimebanwa, ndo ule mkato wa Catrina wenyewe. Na hapo watu wengi huwa wanachanganya, Posada, mchoraji wa Kimeksiko aliyemwanzisha Catrina (alifariki 1913), alichora kichwa na kofia basi, akiwacheka wenyeji waliojifanya Wazungu, mwili hakuna, nguo hakuna. Aliyekuja kumvisha ni mchoraji mwenzake Diego Rivera kwenye ule mchoro wake wa ukutani wa 1947, wa bustani ya Alameda, tena akamtupia nyoka wa manyoya shingoni kama skafu. Kwa hiyo fundi wa leo akikwambia gauni la Catrina, jua anashona la Rivera. Hiyo skafu nayo wanauza, peso 900, niliijaribu nikafanana na kuku aliyenyeshewa nikairudisha.

Kilichonikamata ni kifua. Maua ya cempasúchil, yale ya rangi ya machungwa wanayomwaga kuanzia mlangoni mpaka kwenye meza ya marehemu ili wajue njia ya nyumbani, hapa yamedariziwa yanamiminika kutoka bega la kushoto hadi kiunoni, na uzi unabadilika rangi petali kwa petali, njano, machungwa, halafu kahawia kidogo katikati. Ni mkono wa Istmo de Tehuantepec, eneo la jimbo hilohilo la Oaxaca, kule wanadarizi mahameli ikiwa imewambwa kwenye fremu ya mbao, ila wao kawaida wanamwaga rangi zote na hapa wamejizuia. Niligeuza ndani nje palepale dukani (fanyeni hivyo jamani, muuzaji akinuna shauri yake). Kazi ya mashine kwa nyuma inakuwa imefanana kote. Hii nyuma ina mafundo, nyuzi zimeruka toka ua moja kwenda jingine, na sehemu moja mtu kaishiwa uzi akaunga na rangi iliyokaribiana, ukiangalia kwa mbele huoni. Lebo inasema limedariziwa Juchitán, mji wa hukohuko Istmo. Baada ya yale ya 2019, wizara ya utamaduni ya Meksiko ilipoiandikia kampuni ya mitindo ya Carolina Herrera kuitaka ijieleze kuhusu nakshi za Tenango de Doria na za hukohuko Istmo, mi nguo isiyosema imedariziwa wapi sinunui.

Kumbe bado. Upande wa kushoto, ndani ya bitana, kuna kijifuko kidogo hivi, vidole viwili vinaingia. Nikauliza cha nini, mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapiga pasi akasema bila kuinua macho, "cha marehemu wako, mija", mija ndo kama mwanangu. Unaweka picha. Yaani ofrenda (ile meza ya marehemu) umeiacha nyumbani lakini unatembea na kipande chake. Aisee nililipa bila hata kuomba punguzo.

Sasa lawama. Usiku wa Oktoba 31 nikaenda nalo makaburi ya Xoxocotlán, picha ya bibi ya pasipoti iko ndani. Zipu ya mgongoni ni ile ya nailoni nyembamba ya kujificha na mahameli ilivyo nzito inaivuta, nilikaa chini tu ikaachia katikati, nikamaliza usiku na rebozo (shali) ya kuazima mgongoni. Bitana ni polista, watu wamebanana, mishumaa kila upande, jasho likatiririka, mahameli ikachuja rangi na ikapita mpaka kwenye kijifuko. Bibi katoka na ukingo mweusi pande tatu kama kadi ya msiba. Nikawaandikia, wakajibu kwa adabu tu kwamba mahameli nyeusi huwa inachuja mwanzoni. Sawa, sasa mbona hamkusema, na mnashona mfuko wa picha humohumo?

Saizi zao ni ndogo, chukua moja juu. Mashine ya kufulia usithubutu.

Zipu fundi mwingine kaniwekea ya chuma kwa peso 180. Picha nyingine ya bibi sina, sikuikata ule ukingo, nimeivisha nailoni ikarudi mahali pake. Nyota tatu na nusu.