Jumba la Sinema Linaloheshimu Saa za Watazamaji

Ninachokithamini zaidi katika jumba hili la sinema ni namna linavyopanga saa za maonyesho, kazi ambayo watazamaji wengi hawaitambui mpaka pale inapoharibika. Filamu ya dakika 150, ikiongezewa dakika 15 za matangazo na 20 za kusafisha ukumbi, huchukua dakika 185. Kwa hiyo ikianza saa 4:00 asubuhi, inayofuata haiwezi kuanza kabla ya saa 7:05 mchana, na hapa muda huo haupunguzwi ili kubanisha onyesho la ziada. Niliingia nikakuta sakafu imefagiliwa, hakuna hata punje ya bisi chini ya viti. Kumbi zake nazo hazianzi kwa pamoja bali hupishana kwa takriban nusu saa, jambo linalopunguza msongamano kwenye dirisha la tiketi na mlangoni. Ratiba ya wiki hutolewa mapema. Kasoro, na kwangu si ndogo, ni kwamba filamu za watoto huwekwa usiku hata siku za shule, ilhali alasiri ukumbi mkubwa hubaki karibu mtupu. Naomba uongozi uzihamishie saa 10:00 alasiri.