Silinda mpya ya maji moto: mbona redieta zinapoa mtu asipooga?

Assalam aleikum, habari zenu ndugu watazamaji. Leo nianze na kioja. Kwa wiki mbili hapa kwangu Reading, Uingereza, tangu fundi anifungie silinda mpya, redieta za sebuleni, yale mabamba ya ukutani ya kupasha nyumba, zilikuwa zinapata moto mtu akiingia kuoga. Akishatoka, baada ya muda zinapoa tena. Ikafika mahali mwanangu anatumwa akaoge ili sisi wengine tupate joto. Msicheke, ilikuwa Januari.

Mtuhumiwa ndiye huyu hapa nyuma yangu, ngoja nisogeze kamera. Silinda ya shaba, kimo milimita 1050, upana 450, inabeba kama lita 140. Hilo koti la kijani ni povu gumu, linatoka nalo kiwandani.

Mlioko nyumbani mliozoea hita ya bafuni, nieleze kidogo. Kwenye nyumba kama hii boila ya gesi haipashi maji ya kuoga yenyewe. Inapasha maji yake, pampu inayazungusha. Yakielekea huku yanaingia kwenye redieta. Yakielekea kule yanapita kwenye koili iliyojiviringa ndani ya silinda, yanapasha maji ya kuoga bila kuchanganyika nayo. Anayegawa njia ni vali ya njia tatu, hiki kidude chenye kichwa cha umeme: silinda peke yake, redieta peke yake, au kote kuwili.

Sasa bidhaa yenyewe. Ninaipenda, nasema wazi. Reading maji yetu ni magumu, na koili ya silinda ya zamani ilikuwa imeshika ukoko wa chokaa kama sufuria ya chai ya mgahawani. Ilikuwa inachukua saa moja na nusu kupata moto. Hii dakika arobaini tu. Nikipasha alfajiri, jioni bado naosha vyombo kwa maji ya moto. Lile koti jekundu la zamani la kufunga kwa kamba lilikuwa linapasha kabati, basi.

Lawama yangu ni moja. Hii niliyonunua haikuja na mahali palipokatwa pa kufungia themostati, ile swichi inayopima joto la maji. Fundi lazima akate kidirisha kwenye povu, shaba ionekane, theluthi moja kutoka chini, ndipo aikandamize hapo kwa mkanda wake. Akiifunga juu ya povu, itadhani maji bado baridi, na boila itaendelea kupasha mpaka maji yawe ya kuunguza. Yangu ilikatwa vizuri, hapo simlaumu fundi.

Haya, turudi kwenye kioja. Kwanza nilidhani hewa, na ukimwaga maji ya mfumo mzima ukajaza upya, hewa lazima ibaki mahali. Nikazima kila kitu, nikazifungua redieta moja moja kwa ule ufunguo mdogo, zikapiga mluzi, maji yakatoka. Nikapanda darini kuhakikisha kile kitangi kidogo kinachoongeza maji kwenye mfumo kinajaza. Tena ukimwaga maji, unamwaga na dawa ya kuzuia kutu. Kama fundi hakurudisha nyingine, mdai. Yote hayo nikafanya, na nyumba ikabaki baridi.

Kilichonifungua macho ni daftari. Taima yangu imewekwa hivi: maji moto saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, redieta saa kumi na mbili hadi saa nne. (Yenyewe inaandika 06:00, miaka yote hii bado natafsiri kichwani.) Nikaandika kila robo saa. Saa kumi na mbili redieta zinapata moto. Kabla ya saa moja zimepoa, boila kimya, pampu kimya. Saa mbili kamili, pale muda wa maji moto unapokwisha, zinawaka tena!

Yaani redieta zinakufa silinda ikishashiba. Mtu akioga, silinda inapoa, inaita boila, vali imesimama katikati, basi redieta nazo zinapata mgao.

Nikafanya majaribio mawili yasiyohitaji hata bisibisi. Wakati redieta zimepoa, nikapandisha themostati ya silinda kutoka 60 hadi 70: boila ikawaka. Nikairudisha 60, ikazima. Kisha nikazima maji moto kwenye taima, redieta nikaziacha: boila ikawaka. Kama kwako jaribio hili la pili halikuwasha kitu, acha silinda, kachunguze vali au themostati ya ukutani.

Maana yake ni hii. Themostati ya silinda kwenye mfumo wa vali ya njia tatu inatakiwa nyaya tatu za kazi. C inapokea umeme kutoka kwenye taima. Namba 1 inaita boila maji yakiwa baridi. Namba 2 inaiambia vali "nimeshiba, wape redieta", kupitia waya wa kijivu wa vali. Taima ikizima maji moto, inatuma ujumbe uleule kwenye waya uleule wa kijivu, ndiyo maana saa mbili kila kitu kilikuwa kinapona. Mifumo yenye vali mbili, moja ya silinda na moja ya redieta, haihitaji namba 2. Nadhani fundi wangu mkono ulizoea hiyo.

Tukazima swichi, tukatoa fyuzi, rafiki yangu fundi umeme akapima kwa testa kwanza, maana humo kuna volti 230. Wewe kama si mtu wa umeme, ishia kwenye daftari, kisha umwite mwenye kazi yake. Na mfuniko wa boila usiuguse kabisa. Gesi hapa ni ya mwenye usajili wa Gas Safe tu, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

Akafungua kifuniko cha themostati. C ina waya, 1 ina waya, 2 tupu. Waya wa tatu tukaukuta nyuma ya bomba, umefungwa utepe mweusi vizuri kabisa, kama zawadi. Kuurudisha hakukuchukua hata dakika tano.

Sasa oneni. Silinda ina moto, redieta zinadai. Nashusha themostati taratibu... tk. Mmesikia? Na hiyo nguruma ndogo ni vali inageuka. Boila hiyo, imewaka. Nipeni dakika moja nishike bomba la redieta... eeh, linapanda. Na bafuni hamna mtu.