Kipimajoto cha Ndani na Nje kwa Nyumba za Dar es Salaam: Kipi Kitangulie

Kwa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, iwe Tabata, Mbagala au Kigamboni, nafasi ya kwanza naipa kipimajoto kisichotumia waya chenye vipande viwili: kihisi kidogo cha betri kinachokaa nje, na skrini ya ndani inayoonyesha joto na unyevu wa pande zote mbili. Usikubali kuuziwa chenye kupima joto peke yake. Katika mji wa pwani, nyuzi 30 za Selsiasi penye hewa kavu na nyuzi 30 penye unyevu wa asilimia 80 ni hali mbili tofauti kabisa kwa mwili wa binadamu, na nguo za kabatini huota ukungu kwa sababu ya unyevu.

Faida ya chombo hiki huonekana zaidi jioni. Kuta za bloku na sakafu za zege hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, kwa hiyo mara nyingi nje hupoa mapema kuliko ndani. Skrini ikionyesha kwamba joto la nje limeshuka chini ya la ndani, ndio wakati wa kuzima kiyoyozi, kufungua madirisha yenye nyavu na kuliacha pangaboi lifanye kazi. Anayenunua umeme kwa LUKU ataiona tofauti hiyo kwenye yuniti zake. Boksi likiahidi mita 60 au 100 kati ya kihisi na skrini, ujue hizo ni mita za uwanja mtupu, kwani zege lenye nondo na grili za madirisha hudhoofisha mawimbi ya redio.

Nafasi ya pili ni kipimajoto chenye waya mwembamba unaopitishwa dirishani. Ni cha bei ndogo na kinamtosha mpangaji wa chumba kimoja, ingawa vingi vyao upande wa nje hupima joto tu.

Cha waifai nakiweka cha tatu, maana umeme ukikatika na ruta ikazimika, simu haipati habari yoyote. Hata hivyo, mwenye friza ya biashara anayetaka kuonywa akiwa mbali atakihitaji kuliko hivyo viwili vya kwanza. Kituo kamili chenye vipimo vya upepo na mvua ni cha nne: kinamfaa mwenye shamba la wazi, kwani kati ya nyumba zilizobanana kipimaupepo husoma upepo uliokwisha kuvunjwa na kuta za jirani.

Cha mwisho ni kile kinachouzwa ghali kwa sababu saa yake hujirekebisha kwa redio. Vinavyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutegemea mawimbi ya DCF77 yanayorushwa kutoka Mainflingen, Ujerumani, ambayo hufika kama kilomita 2,000, ilhali Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka huko. Usilipie huduma isiyoweza kukufikia.

Kabla muda wa kurudisha bidhaa dukani haujaisha, kipime. Lowesha chumvi ya mezani kwa maji kidogo tu mpaka iwe kama uji mzito, iweke kwenye kifuniko cha chupa, kisha ifungie pamoja na kihisi ndani ya chombo kisichopitisha hewa usiku kucha, bila kuviacha vigusane. Unyevu humo hutulia karibu na asilimia 75; kikisoma 70 au 80 kinavumilika, lakini kikisoma 60 kirudishe.

Mahali pa kukitundika panahitaji uangalifu kuliko bei yake. Maelekezo mengi ya Ulaya husema kitundikwe ukuta wa kaskazini, lakini hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini. Kwa hiyo kitundike ndani kabisa ya upenu au barazani, kwenye kivuli cha mwaka mzima, kama mita moja na nusu kutoka chini, mbali na jiko na mashine ya nje ya kiyoyozi. Walio karibu na bahari wakague vyuma vya betri mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya chumvi huvishika kutu.