Uzoefu wangu wa kusakinisha Inkscape kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba

Ninaendesha steshenari ndogo Nkuhungu, Dodoma, ambako kazi kubwa ni kadi za mialiko ya send-off na harusi, vipeperushi, fulana za wanafunzi, na mabango ambayo huongezeka kila unapokaribia msimu wa Nane Nane pale Nzuguni. Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba, na ilipofika dukani ilikuwa tayari na programu ya usanifu ya kulipia iliyowekwa kwa kraki na muuzaji. Programu hiyo ilipoanza kujifunga yenyewe katikati ya kazi, niliamua kuiondoa na kuweka Inkscape. Programu yenyewe naipa alama za juu. Usakinishaji ndio ulionisumbua. Kwa kuwa wenzangu wengi wa biashara hii hutumia mashine za aina hiyo hiyo, nitakaa zaidi kwenye usakinishaji kuliko kwenye sifa za programu.

Kwa wasioifahamu, Inkscape ni programu huria ya michoro ya vekta, yaani michoro inayoweza kukuzwa kutoka ukubwa wa kadi hadi bango la ukutani bila kupoteza ukali wa mistari. Ilianza mwaka 2003 kwa kujitenga na mradi wa Sodipodi, toleo la 1.0 likatoka Mei 2020, na la 1.4 likatoka Oktoba 2024. Haina ada wala namba ya usajili ya kuingiza, na baada ya kusakinishwa haihitaji intaneti ili ifanye kazi, jambo ambalo sisi tunaoishi kwa bando tunalithamini sana.

Kikwazo cha kwanza hakikuihusu Inkscape hata kidogo. Nilipojaribu kufungua tovuti yake rasmi, kivinjari kiligoma na kuonya kwamba muunganisho si salama. Simu yangu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiigawia kompyuta intaneti, ilifungua ukurasa ule ule bila shida yoyote. Tofauti hiyo ilinitosha kujua kwamba tatizo halikuwa kwenye mtandao wala kwenye tovuti, bali ndani ya kompyuta, na nilipotazama pembeni mwa kioo nikaona tarehe iliyopitwa na miaka mingi. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, hivyo kompyuta inayoamini kwamba bado iko miaka ya nyuma hukiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika, na hukikataa. Kwa sababu hiyo hiyo programu za kulipia nazo hushindwa kuthibitisha leseni zake, na mwenye mashine akabaki kumlaumu muuzaji wa leseni.

Kurekebisha tarehe ni kazi ya dakika moja. Katika orodha ya majira ya saa hutaikuta Dodoma wala Dar es Salaam. Chagua Nairobi, ambayo iko saa tatu mbele ya UTC kama sisi. Shida ni kwamba tarehe ilirudi nyuma tena mara tu umeme ulipokatika, na hapo ndipo panapohitaji kufungua boksi. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri bapa ya mviringo, CR2032 ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati mashine haipati umeme. Betri hiyo hudumu miaka kadhaa, na mashine ya mtumba kwa kawaida huwa imekwisha kuimaliza miaka hiyo huko ilikotoka. Kwetu betri iliyochoka huonekana haraka zaidi, maana wengi tunachomoa kila kitu ukutani jioni kwa kuogopa umeme unaorudi kwa nguvu. Nilizima mashine, nikachomoa waya, nikaweka betri mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha nikaweka tarehe upya. Bei yake haizidi sahani ya wali maharage. Ukishafungua boksi, pulizia pia vumbi kwenye feni, maana vumbi la kiangazi cha Dodoma halina simile.

Ninatahadharisha jambo moja hapa. Kivinjari kikikuonya hivyo, hukupa pia njia ya kuendelea kwa lazima, na wengine, badala ya kuhangaika na saa, huenda kupakua programu kwenye tovuti yoyote itakayofunguka. Kwa programu ambayo wenyewe wanaitoa bure, sioni sababu ya kuichukua kwa mtu wa tatu ambaye hujui ameambatanisha nini ndani yake.

Tovuti ilipofunguka nilichagua faili la Windows la biti 64, yaani la aina mpya ya mfumo endeshi, tofauti na ile ya zamani ya biti 32. Upakuaji ulikatika njiani bando lilipoisha, na faili lililobaki lilionekana kama limekamilika ingawa ukubwa wake ulikuwa mdogo kuliko ule uliotajwa kwenye tovuti. Nililifuta na kulipakua upya. Faili kamili nalo likakataa kufunguka, safari hii Windows ikisema kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yangu.

Kijana mmoja fundi, anayenisaidia mara kwa mara, alitazama ujumbe huo na kusema, “Mama, hapa tupige Windows tu.” Nilimwomba kwanza anioneshe sababu, kwa kuwa mafundi wetu wana mazoea ya kupiga Windows, yaani kuisakinisha upya, kwa kila ugonjwa. Alifungua mipangilio, sehemu ya mfumo inayoeleza habari za mashine, na pale palikuwa na mstari mmoja wenye taarifa mbili: mfumo endeshi wa biti 32, kichakataji cha x64, yaani cha biti 64. Maana yake ni kwamba mashine ilikuwa na uwezo wa biti 64 tangu ilipotengenezwa, lakini aliyeiandaa kwa ajili ya kuuza aliiwekea Windows 10 ya biti 32. Mstari uliokuwa karibu na huo ulithibitisha hasara niliyokuwa nikiipata siku zote bila kuisikia: kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) iliyowekwa ilikuwa gigabaiti 8, ila iliyokuwa ikitumika haikufika 4, kwa kuwa huo ndio ukomo wa Windows ya biti 32. Kwa mtu anayefungua bango lenye picha nyingi, nusu ya kumbukumbu iliyolala si jambo dogo.

Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi. Windows ya biti 32 haiwezi kupandishwa kuwa ya biti 64 huku mafaili na programu zikibaki mahali pake. Lazima isakinishwe upya kabisa. Nilihamishia kazi zote za wateja kwenye diski ya nje, tukaandaa flashi ya gigabaiti 8 kwa zana ya bure ya Microsoft, na Windows mpya ikaitambua mashine bila kudai ufunguo, kwa kuwa leseni ya Windows 10 ni ile ile kwa biti 32 na 64 mradi aina ya toleo isibadilike. Ninajua kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta) na vichakataji vya miaka ya karibuni, na mashine nyingi za mtumba, yangu ikiwemo, hazifiki huko. Nimeamua iwe mashine ya usanifu tu. Barua pepe na miamala ya pesa nafanyia kwingine.

Baada ya hapo Inkscape ilijisakinisha bila neno. Ilipofunguliwa mara ya kwanza ilichukua muda mrefu kiasi kwamba mtu asiye na subira angedhani imekwama. Kilichoichelewesha ni fonti. Inkscape husoma fonti zote zilizomo kwenye mashine inapoanza, na nilikuwa nimerudisha rundo lote la fonti za kadi nililokusanya kwa miaka. Nilipoondoa zile nisizozitumia, ikawa inafunguka kwa muda unaovumilika. Baadaye ilipoanza kuleta vidirisha mahali pasipoonekana, nililibadilisha jina faili la preferences.xml lililo ndani ya folda ya inkscape katika AppData (folda iliyofichwa ambamo Windows huweka mipangilio ya programu), nayo ikatengeneza jingine safi. Kusakinisha upya kusingesaidia, kwa sababu faili hilo hubaki hata programu ikiondolewa.

Kuhusu kazi yenyewe, zana ninayoipenda zaidi ni ile ya kugeuza picha kuwa vekta, inayofunguliwa kwa Shift, Alt na B. Wateja wangu wengi huleta nembo ya kikundi au ya kanisa iliyopigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, na zana hiyo hunipa mahali pa kuanzia hata kama bado nasafisha kingo kwa mkono. Mafaili ya CDR (ya programu ya CorelDRAW) ya wateja wa zamani hufunguka, lakini si yote yanayofunguka yakiwa mazima. Maandishi huhama na vivuli hupotea, kwa hiyo usiahidi mteja kabla ya kulitazama faili lake.

Udhaifu mkubwa kwa mtu wa uchapishaji ni rangi. Inkscape imejengwa juu ya RGB, yaani rangi za mwanga wa kioo, na PDF inayotoka humo si ya CMYK, yaani rangi za wino, kama mashine za uchapishaji zinavyotaka. Bluu iliyokolea kwenye kioo inaweza kutoka na uzambarau kwenye bango. Kwa kazi kubwa mimi hugeuza kwanza maandishi yote kuwa njia, yaani michoro isiyotegemea fonti, ili fonti zisibadilike kwenye kompyuta ya mchapishaji, natuma PDF, kisha naomba kipande cha majaribio kichapishwe kabla ya bango zima. Mchapishaji ninayemtumia mjini alizoea kunitoza kipande hicho. Sasa anakitoa bila malipo kwa kuwa kimempunguzia mabango ya kurudia.

Kompyuta yangu ya pili ina gigabaiti 2 za kumbukumbu tu, nayo nimeiacha ilivyo kwa kazi za kuchapa barua na wasifu.