SIE ya FINRA: mtihani wa kuingilia kazi ya dhamana (hisa, hatifungani na kadhalika) Marekani

Kwa Mswahili aliyeko Marekani anayetafuta kazi kwenye kampuni ya udalali wa hisa na hana mtu wa kumshika mkono, SIE (Securities Industry Essentials) ni mtihani unaostahili pesa yake. FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa Marekani, ilianza kuutoa Oktoba 2018, na yeyote aliyefikisha miaka 18 anaufanya bila kudhaminiwa na mwajiri. Ukifaulu, matokeo yanadumu miaka 4.

Ila ujue unacholipia. SIE haikupi leseni ya kumuuzia mteja chochote. Kwa hilo utahitaji mtihani mwingine, Series 7, wenye maswali 125 na alama ya kufaulu 72, na huo lazima kampuni ikudhamini. Majimbo nayo yana mitihani yao, kama Series 63. Anayekuuzia kozi ya SIE kwa ahadi kwamba utatoka dalali kamili anakudanganya.

Maswali yanayohesabiwa ni 75. Kuna mengine 10 ya majaribio yaliyochanganywa humo humo, huwezi kuyatambua. Muda ni dakika 105, alama ya kufaulu 70, na jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Wengi wanaumia kwa kusoma kusikofuata uzito wa mada. Wanakariri sheria za dhamana za 1933 na 1934 na kazi za kila msimamizi, wakati sehemu yenye mambo hayo, ya masoko ya mitaji, ni asilimia 16 tu. Asilimia 44 ni bidhaa na hatari zake: hisa, hatifungani, mifuko ya pamoja na, kikwazo kikubwa, opsheni, yaani mkataba unaompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya tarehe fulani. Chukua mfano: umenunua opsheni ya kununua hisa kwa dola 50, na premia, yaani bei ya opsheni yenyewe, ni dola 3 kwa kila hisa. Mkataba mmoja ni hisa 100, hivyo umetoa dola 300, na hiyo ndiyo hasara yako ya juu kabisa. Unarudisha pesa yako hisa ikifika 53. Aliyekuuzia bila kuwa na hisa hizo mkononi, hasara yake haina kikomo. Fanya hesabu hii pande zote nne, mnunuzi na muuzaji, opsheni ya kununua na ya kuuza, mpaka usihitaji kuchora.

Vitabu vya mitumba viepuke. Tangu 28 Mei 2024 mauzo ya hisa yanakamilishwa siku 1 ya kazi baada ya biashara. Kitabu kinachosema siku 2 kimepitwa. FINRA yenyewe inatoa mtihani wa mazoezi bure.

Jina unalojisajilia lifanane na la kitambulisho. Sisi wenye majina matatu hapa ndipo tunapokwama: la babu lipo kwenye pasipoti, kwenye usajili halipo, na unaweza kurudishwa mlangoni. Kagua kabla ya kuchagua tarehe, maana usajili una siku 120. Zikipita unalipa upya.

Ukifeli unasubiri siku 30, mara ya pili 30 tena, kuanzia ya tatu siku 180. Aliyefeli hupewa mchanganuo wa kila sehemu. Anza kusoma upya kwenye ile iliyo chini kuliko zote.