Files ya Google na Quick Share: mwaka mzima wa kurushiana mafaili katika ofisi ya walimu, Rungwe

Nafundisha shule ya msingi Rungwe, upande wa juu ya Tukuyu. Huku mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe hata geti la shule hulioni ukiwa darasani. Siku za namna hiyo mtandao unakuja na kukata. Bando unalo, umelinunua kwa hela yako, lakini duara linazunguka tu kwenye skrini na kitabu hakishuki.

Naeleza haya mapema kwa sababu sifa nitakazotoa hapa kwa Files, programu ya Google ya kupanga mafaili kwenye simu, na Quick Share, njia ya kuyarusha kutoka simu hadi simu, hazitamwingia sana mtu mwenye Wi-Fi ya ofisi saa zote. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu, makatibu wa kwaya, wahasibu wa vikoba, na yeyote anayeshika mafaili mengi kwa simu ya kawaida mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Kwetu tupo walimu 14. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze Januari 2024, vitabu na mihtasari mingi tunaisoma kwenye simu au kwenye vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kisha walimu tukagawiwa. Kitabu kimoja cha PDF kutoka maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) tulichokihitaji kilikuwa na MB 68. Piga hesabu: walimu 14, kila mmoja akipakua mwenyewe, ni MB 952. Karibu GB nzima inateketea kwa kitabu kimoja, na wote tumekaa kwenye chumba kimoja tunagusana mabega!

Zamani tulirushiana kwa Bluetooth. Nimewahi kuipima kwa saa. Video ya somo la sayansi ilikuwa na MB 640. Baada ya dakika tano ilikuwa imefika MB 46, nikaikata. Kwa mwendo ule ingemaliza saa nzima na zaidi, na kipindi ni dakika 40. Video ileile, kati ya simu zilezile mbili, Quick Share iliimaliza kwa dakika mbili na sekunde 40. Data nilikuwa nimeizima kabisa pande zote mbili, makusudi, nione kama kuna MB zitakazoliwa kwa siri. Hazikuliwa.

Siri yake ni hii. Bluetooth inatumika mwanzoni tu, simu zitambuane. Zikishakubaliana, faili lenyewe linapita kwa mawimbi ya Wi-Fi moja kwa moja kutoka simu hadi simu, bila intaneti na bila kifaa kingine katikati. Ndiyo maana inatakiwa uwashe Wi-Fi hata kama hakuna Wi-Fi yoyote jirani. Jambo hili liliwachanganya sana wenzangu. "Mwalimu, niwashe Wi-Fi ya wapi, mbona hapa hakuna?" Nikawaeleza kwamba wanawasha redio ya simu, hawatafuti mtandao wa mtu.

Ipo programu nyingine tuliyoitumia kabla ya hii, na jina lake naliacha. Ilikuwa na kasi nzuri. Siku moja nikiwa darasa la sita naihamisha video kutoka simu kwenda kishikwambi, watoto wamenizunguka, likaruka tangazo la kamari likajaza skrini nzima. Mtoto mmoja akalisoma kwa sauti. Niliifuta jioni ileile, na tangu hapo programu yenye matangazo sikanyagi nayo darasani. Files ya Google haina matangazo, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuipa alama za juu.

Kuhusu majina, kwa sababu yanachanganya watu: Files ilitoka Desemba 2017 ikiitwa Files Go, mwaka uliofuata ikabadilishwa kuwa Files by Google. Kurusha mafaili kuliitwa Nearby Share tangu 2020, halafu mwaka 2024 Google na Samsung wakaunganisha huduma zao chini ya jina moja, Quick Share. Kwa hiyo simu ya mwenzako ikiandika Nearby Share, usihangaike, ni jamii moja.

Sasa kilichotokea siku ya kwanza tulipojaribu wote. Mwalimu wetu wa Kiswahili, tunayemwita Babu kwa heshima kwa kuwa anakaribia kustaafu, alikaa na simu yake mikononi dakika kumi. Wenzake wote wanaonekana kwenye orodha, yeye haonekani. "Mama, yangu hainitaki," akaniambia taratibu. Nikaichukua. Bluetooth imewaka, Wi-Fi imewaka. Nikashusha pazia la juu la skrini na kukuta Mahali (Location) imezimwa. Mjukuu wake alimwambia inamaliza chaji. Simu ya Android ya toleo la zamani, kama yake, bila Mahali haiwezi kutafuta vifaa vya jirani kwa Bluetooth. Nikaiwasha. Kisha kwenye Quick Share nikabadilisha anayeweza kumwona: ilikuwa imewekwa vifaa vyake mwenyewe tu, nikaweka kila mtu, ambayo inadumu dakika kumi na kujirudisha yenyewe. Tukaziweka simu bega kwa bega mezani, skrini zote mbili zikiwa zinawaka. Jina lake likatokea. Akabonyeza kukubali, duara likajaa kijani, na kitabu kikafunguka kwenye jalada lake. Babu akavua miwani. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Ndaga fijo ya mtu kama yule siyo ndogo.

Kule kubonyeza kukubali ndiko kunakonipa amani pia. Hata ukiwa stendi ya Tukuyu umejisahau na kuacha kila mtu akuone, hakuna anayeweza kukuingizia kitu bila wewe kukubali.

Kwa watu 14 tuna utaratibu wetu. Wa kwanza anamrushia mmoja. Hao wawili wanarusha kwa wawili wengine. Wanne kwa wanne. Duru nne zinatosha kuwafikia watu 16. Kitabu cha MB 68 kinachukua kama sekunde 20 kila duru, ukijumlisha na kutafutana kwa simu, dakika tano ofisi nzima inacho. Kengele ya kuingia darasani inatukuta tumemaliza.

Lakini kurusha ni nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi. Kilichokuwa kinatuua ni mafaili yasiyo na majina. Fungua simu ya mwalimu yeyote utakuta DOC-20240213-WA0007, DOC-20240213-WA0008, na kuendelea, kwa sababu WhatsApp huyapa mafaili majina ya tarehe na namba. Lipi ni azimio la kazi la darasa la tatu? Lipi ni ratiba ya mtihani wa kata? Mtu anarusha matano akitumaini moja ndilo, na aliyepokea naye anarusha yote matano. Baada ya muhula simu imejaa, na kila mmoja ana nakala nne za kitu kilekile.

Hapo ndipo nilipoipenda Files. Sehemu ya nyaraka inayakusanya yote, yawe yametoka WhatsApp, barua pepe au Quick Share, mahali pamoja. Nabonyeza faili kwa muda, nachagua kubadilisha jina, naandika Darasa3_Hisabati_Azimio_2025. Kisha nalihamishia kwenye folda ya darasa la tatu. Sasa sheria ya ofisi yetu ni kwamba faili lisilo na jina halirushwi. Mtaaluma ndiye aliyeisimamia, na namshukuru. Leo nikiandika "azimio" kwenye kisanduku cha kutafuta, yanakuja yote kwa mpangilio, hata niwe nimesimama mbele ya darasa.

Sehemu ya kusafisha inasaidia, ila nenda nayo taratibu. Inakuonyesha nakala zilizojirudia, mafaili makubwa, na picha za kila namna, na ni rahisi kubonyeza kufuta yote kwa mkupuo. Mimi niliwahi kufuta kwa haraka rekodi ya kikao cha wazazi nikidhani ni video ya salamu za asubuhi. Nikaikuta kwenye tupio, maana yaliyopelekwa huko hukaa siku 30 kabla ya kufutika moja kwa moja. Tangu siku ile naangalia kimojakimoja.

Mitihani ya muhula naiweka kwenye Folda Salama, yenye PIN, kwa sababu mwanangu huchukua simu yangu jioni. PIN hiyo ukiisahau hakuna wa kukurudishia, hata Google wenyewe. Iandike kwenye daftari na ulifungie kabatini.

Kadi ya memori ina mtego mmoja. Video ya mahafali ya darasa la saba ilikuwa na GB 5, ikakataa kabisa kuhamia kwenye kadi iliyokuwa na nafasi ya GB 20. Kadi ile ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Tuliikata vipande viwili, vikaingia.

Mapungufu yapo. Quick Share inategemea huduma za Google, kwa hiyo simu za Huawei za miaka ya karibuni, zilizotoka bila huduma hizo, hazimo. Mwenzetu mmoja ana iPhone, na kwake tunatumia LocalSend, programu ya bure ambayo nayo haina matangazo. Mmoja anafungua hotspoti, mwingine anajiunga, data ikiwa imezimwa, na mafaili yanapita vizuri. Hatua ni nyingi kidogo, lakini inazikubali simu zote pamoja na kompyuta. Kwa laptop ya Windows, Quick Share yenyewe ipo tangu 2023, wakati ule ikiitwa Nearby Share, nasi tunaitumia kupeleka matokeo kwa mwalimu mkuu bila kutafuta waya.

Jambo jingine, wakati wa kurusha usitoke nje kupokea simu ukiwa nayo mkononi. Ukishaenda mbali kazi inakatika, na faili kubwa utalianza upya.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu wa shule jirani kwa bodaboda kutoka upande wa Kiwira, koti linachuruzika maji, akiomba mafaili ya darasa la tatu. Babu akamwahi kabla yangu. "Washa Mahali kwanza, mwanangu," akamwambia, akavuta kiti karibu na meza na kuilaza simu yake kando ya ile ya mgeni. GB 1.2, folda nzima yenye majina. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka alipomaliza kupokea.