Sauti kwanza au picha kwanza?

Wanafunzi wengi wakipewa kazi ya kusimulia kisa kwa video hukimbilia simu. Wanarekodi soko, daladala, bibi akikuna nazi, kisha wanakaa kutafuta kisa ndani ya saa mbili za vipande. Mara nyingi hawakipati, na pengo wanalifunika kwa muziki.

Njia ya pili, ya sauti kwanza, ilikuzwa California miaka ya 1990 na akina Joe Lambert, waliofundisha watu kusimulia visa vyao kwa video fupi. Unaandika ukurasa mmoja, maneno kama 250 hadi 300, unawasomea wenzako, wanakuonyesha panapochosha, ndipo unarekodi sauti yako mahali palipotulia (chumba chenye mapazia na nguo kinafaa kuliko darasa lenye mwangwi). Picha huja mwisho, tena chache. Inatoka video ya dakika mbili au tatu. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, lakini sauti iliyomezwa na upepo ataiacha.

Picha kwanza inafaa kwa tukio lisilosubiri, kama mashindano ya ngalawa. Kwa kisa cha bibi, mimi ningeanza na sauti. Nazi ataikuna hata kesho.